Gari kuukuu la kuvuta tela: joto kwanza, nguvu baadaye

Mtu akitafuta gari kubwa la fowili (linalosukumwa na magurudumu yote manne) la miaka ya 1990 kwa kazi ya kuvuta tela, huuliza kwanza habari za injini: ina nguvu kiasi gani, ina tobo (pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi) au haina. Kwangu swali hilo huja la tatu. Injini ya dizeli ya silinda 6 na lita 4.2, kama 1HZ ya Land Cruiser au TD42 ya Nissan Patrol, itavuta hata bila tobo. Itavuta taratibu, lakini itavuta. Yanayoamua ni mawili: joto la kazi hiyo litaenda wapi, na mzigo huo utasimamishwa na nini.

Chukua gari la tani 2.5 linalovuta tela la tani 2.5. Likipanda mlima wa asilimia 6 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kuinua uzito huo peke yake kunadai karibu kilowati 49, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano wa tairi. 1HZ nzima haifiki kilowati 100. Na dizeli ya zamani, kwa kila kilowati inayofika kwenye magurudumu, hutupa karibu nyingine kama hiyo kwenye maji ya rejeta na nyingine kwenye ekzosi. Ndiyo maana gari lililotembea mjini miaka mingi bila shida huchemsha siku ya kwanza linapofungwa tela: rejeta iliyoziba theluthi moja ilikuwa inatosha kwa kazi ndogo.

Kwa hiyo mfumo wa kupoza ndio wa kushughulikiwa kabla ya kingine chochote. Toa rejeta uipeleke isafishwe ndani, au uweke mpya kama mapezi yake yanapukutika ukiyagusa. Matope na wadudu hukwama kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, mahali pasipoonekana kutoka mbele. Osha kwa maji yasiyo na kasi kubwa, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje. Badilisha kifuniko cha rejeta hata kama kinaonekana kizima, kwa sababu springi yake ikilegea presha hushuka na maji huchemka mapema. Themostati, vali inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto, iwe mpya. Mipira ya maji, hasa ile midogo ya hita iliyojificha nyuma ya injini, ibadilishwe yote kwa mara moja. Maji ya bomba peke yake huacha magadi na kutu. Changanya kuleanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini.

Halafu feni. Magari haya mengi yana feni yenye kaplingi ya oili ya silikoni, ambayo hushika injini ikipata moto na kuachia ikipoa. Zima injini iliyopata moto, kisha izungushe feni kwa mkono: ikizunguka bure, kaplingi imechoka. Mstari wa vumbi lililoganda na mafuta kuzunguka kitovu chake ni dalili kwamba oili imevuja. Na kava ya plastiki inayozunguka feni isiachwe nje baada ya matengenezo. Bila hiyo feni huzungusha hewa ileile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Geji ya joto ya kiwandani si ya kutegemea katika kazi hii. Katika magari mengi ya aina hii mshale umetengenezwa ukae katikati kwa masafa mapana ya joto, na ukianza kupanda muda wa kuokoa silinda hedi umekwisha kuwa mfupi. Weka geji ya namba yenye sensa yake. Kati ya nyuzi 82 na 95 ni hali ya kazi. Ikikaribia 100 shusha gia, punguza mwendo, zima kiyoyozi na uwashe hita ya ndani kwa kasi ya juu. Abiria watalalamika, lakini hita ni rejeta ndogo ya ziada.

Giaboksi ya otomatiki ina rejeta yake ndani ya rejeta kubwa, na hapo pana hatari mbili. Ya kwanza, konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) isipofunga huchapa oili na kuipasha sana. Mlimani toa ovadraivu (gia ya juu kabisa ya mwendo kasi) ili konveta ifunge na kutulia kwenye gia moja. Oili ikizidi nyuzi 120 huanza kuungua, na harufu yake huwezi kuikosea. Weka kipoza oili cha ziada mbele ya rejeta, na geji ya pili. Hatari ya pili ni rejeta kuukuu kutoboka ndani: kuleanti huingia kwenye giaboksi, oili hugeuka rangi kama maziwa ya waridi, na klachi za ndani huharibika haraka. Kubadilisha oili mara moja hakutoshi, kwa kuwa zaidi ya nusu hubaki ndani ya konveta. Mwaga na ujaze mara mbili au tatu, ukiendesha kidogo katikati.

Kwa giaboksi ya kawaida, vuta kwa gia ya 4. Katika nyingi za aina hii gia ya 4 hupitisha nguvu moja kwa moja, wakati ya 5 huipitisha kwenye meno na beringi za shafti ya pembeni ambazo hazikukusudiwa mzigo mzito kwa saa nyingi. Dizeli utakayookoa kwa gia ya 5 hailipi giaboksi.

Kushuka ni hesabu ileile kinyume. Zile kilowati 49 sasa zinatafuta pa kwenda, na zikiachiwa breki peke yake ni kama kuwasha majiko 24 ya umeme ya kilowati 2 ndani ya diski zako. Shuka kwa gia uliyopandia, au ya chini yake. Dizeli isiyo na kipepeo cha kubana hewa hushikilia kidogo kuliko watu wanavyodhani, basi punguza mwendo kabla mteremko haujaanza. Gusa breki kwa nguvu na uachie, usiikanyage kidogokidogo njia nzima.

Oili ya breki hunyonya unyevu. Ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi 230, lakini kiwango chake ikishalowa ni 155 tu, na mvuke ukishaingia pedali huzama hadi sakafuni. Ibadilishe kila miaka miwili. Angalia pia vali ya breki za nyuma iliyofungwa kwa fimbo kwenye ekseli, inayopima uzito kwa kimo cha gari. Imeganda kwa kutu kwenye magari mengi, na ukiinua springi bila kuirekebisha hudhani gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma presha.

Uzito unaokaa kwenye tufe la kuvutia uwe takriban asilimia 10 ya tela lote. Kwa tela la kilo 2,500 ni kilo 250, na kilo hizo ni sehemu ya mzigo wa gari, sawa na abiria na mizigo. Tena kuna wenzo: tufe likiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli, na gari likiwa na mita 2.85 kati ya ekseli kama Land Cruiser 80, ekseli ya nyuma hupokea karibu kilo 355 na ya mbele hupungukiwa 105. Usukani mwepesi hutoka hapo. Springi ngumu huinua mkia lakini hazirudishi uzito mbele. Ukipunguza uzito wa tufe ili mkia usizame, tela litaanza kuyumba. Likiyumba achia mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na kama tela lina breki za umeme ziguse peke yake kwa mkono.

Tufe la milimita 50 likichakaa hadi 49, litupe. Chini ya gari, kagua chesisi pale chuma cha kuvutia kilipofungwa, gonga kwa nyundo usikilize kutu. Krosi za propela (viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) zipakwe grisi kila kilomita 5,000, wakati uleule wa kubadilisha oili ya injini. Difu (kasha la gia katikati ya ekseli) ikivuja sili, safisha kwanza kipumulio chake kabla hujanunua sili mpya. Mkanda wa taimingi wa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000. TD42 hutumia gia, haina mkanda. Na baada ya kilomita 30 za kwanza simama, gusa habu (vitovu vya magurudumu) zote, za gari na za tela: inayounguza kuliko wenzake ina beringi iliyokazwa mno au breki isiyoachia, na safari isiendelee mpaka uifungue.