Nilivyopiga hesabu ya sola kabla ya kuifunga nyumbani

Wazo la kufunga sola nyumbani kwetu Dodoma lilitokana na mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023. Mke wangu huuza samaki waliogandishwa, na friza yake ikikaa saa nyingi bila umeme mzigo huanza kulainika, wateja wakaukataa. Hata hivyo sikutaka tununue kwa hofu, kwa kuwa fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa akiba ya familia, nami niliona ni haki yao kujua kwanza itarudi kwa njia gani.

Nilianza na mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Usiku tulizima kila kitu isipokuwa friza, nikaandika uniti zilizobaki, na asubuhi nikasoma tena. Baadaye nikafanya vivyo hivyo kwa taa, televisheni na friji ndogo. Vyote hivyo kwa pamoja havikuzidi uniti nne kwa siku. Kilichokuwa kikimaliza uniti zetu ni hita ya kuogea, pasi na jiko la umeme, na hivyo ndivyo vinavyopandisha gharama za sola, kwani hita peke yake huvuta zaidi ya wati 3,000 na huhitaji inveta kubwa (kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika kwenye vyombo vya nyumbani) na betri nyingi za kuibeba. Nikaviacha vyote vitatu kwenye umeme wa gridi.

Paneli za wati 1,000, katika eneo lenye wastani wa saa tano hivi za jua kali kwa siku, hutoa takribani uniti nne baada ya kuondoa kinachopotea kwenye joto, nyaya na inveta. Kwa kundi letu la wateja, uniti moja pamoja na kodi na tozo ilikuwa takribani shilingi 357, kwa hiyo tungeokoa kama shilingi 520,000 kwa mwaka. Fundi alinipa makadirio ya shilingi 4,500,000. Maana yake fedha ingerudi baada ya miaka karibu tisa, tena iwapo hakuna uniti inayopotea bure. Jirani yangu, ambaye hazidishi uniti 75 kwa mwezi na kwa hiyo yuko kundi la bei ya chini, la takribani shilingi 122 kwa uniti, hata sola ikibeba matumizi yake yote ataokoa chini ya shilingi 110,000 kwa mwaka. Aliponiomba ushauri nilimwambia wazi kwamba kama lengo lake ni kupunguza bili, asifunge.

Kwetu sisi kilichoamua ni samaki. Nilipoweka thamani ya mzigo mmoja ulioharibika kando ya bili ya mwezi, niliona kwamba tunachonunua hasa ni uhakika wa friza, na hapo ndipo betri ilipokuwa jambo la kufikiria kwa makini kuliko paneli. Betri za asidi zilikuwa na bei ya chini zaidi, lakini ukitaka zidumu hupaswi kuzitumia kupita nusu ya chaji yake, hivyo unalazimika kununua uwezo maradufu, na joto la Dodoma huzichosha mapema. Tulichukua ya lithiamu ya volti 24 na ampia-saa 100, ambayo hubeba takribani uniti mbili na nusu, na tukaifunga ukutani ndani ya stoo yenye hewa, mbali na mabati. Mchana friza hugandisha kwa nguvu ya jua moja kwa moja. Mzigo ukiwa umeganda vizuri kufikia jioni, usiku friza huvuta umeme kidogo.

Paneli zinaelekea kaskazini, zimeinuliwa juu ya bati ili hewa ipite chini yake, kwa sababu joto hupunguza uzalishaji wake. Wakati wa kiangazi vumbi hutanda kwenye kioo mpaka rangi yake hubadilika, nami huziosha alfajiri kabla kioo hakijapata moto, kwa maji na kitambaa laini tu.

Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha umeme mwaka 2024 mgao ulipungua, nikairudia hesabu yangu. Faida ya kuokoa samaki imeshuka, ile ya bili imebaki palepale. Ndiyo maana betri ya pili, tuliyokuwa tumepanga kuiongeza, hatujainunua, na fedha yake imekwenda kwenye mtaji wa samaki.