Nilivyoweza kushika usukani kupita Suez

Mimi ni baharia kwenye meli ya kontena, na zamu niliyokuwa naiogopa kuliko zote ni kushika usukani Mfereji wa Suez, maana bahari kuu ukitoka kwenye kozi, yaani mwelekeo wa meli, digrii mbili unarudi taratibu hamna shida, ila Suez mchanga uko huo hapo kulia na kushoto, sehemu kubwa ya km 193 za mfereji ni hivyo hivyo.

Kilichonisaidia ni serahangi wetu, yaani msimamizi wa mabaharia, mzee wa Tanga. Aliniambia mwanangu, usiupiganie usukani, toa digrii tano halafu subiri meli ijibu. Jambo lenyewe ni kwamba ukisogelea ukingo mmoja, tezi (nyuma ya meli) inavutwa huko na omo (mbele) inasukumwa upande wa pili, sasa ukizungusha kwa pupa ndo unaharibu kabisa. Na upepo ukikolea kontena zinakuwa kama tanga la jahazi, ile meli ya kontena Ever Given ya mita 400 Machi 2021 ilikwama siku ya upepo mkali wa vumbi ikaziba njia siku sita.

Basi msafara wa kwenda kaskazini unaingia alfajiri, nikahakikisha nimelala mapema. Rubani wa Kimisri, yule anayeelekeza meli mferejini, akapanda, kila oda anayotoa nairudia kwa sauti kabla sijazungusha, usukani ukifika pale alipotaka nasema tena. Macho kwenye omo, nikiona tu inaanza kugeuka narudisha kabla haijashika kasi. Hapo ndo nikaanza kuielewa meli.

Na yule rubani nilikuwa namheshimu sana kwa sababu ya historia. Mfereji ulichimbwa 1859 hadi 1869, anatajwa De Lesseps tu, Mfaransa aliyeongoza mradi, wakati waliochimba miaka ya mwanzo ni wakulima wa Kimisri walioburutwa kwa lazima na wengi walikufa, halafu faida ikawa inaenda Ulaya. Rais wa Misri Nasser alipoutaifisha 1956 marubani wengi wa kigeni wakaondoka Septemba ile, watu wakangoja usimame, na haukusimama, marubani wa Kimisri na wenzao waliobaki wakaendelea kupitisha meli.

Kwenye Maziwa Machungu, maziwa ambayo mfereji unapita ndani yake, maji yanapanuka, nikampokeza mwenzangu nikanywa chai. Mbele, mji wa Ismailia, rubani anabadilishwa, na huyu wa pili alikuwa anataja kozi tu, sio digrii za usukani, kwa hiyo niliporudi zamu nikawa najipimia mwenyewe, tano, tatu, katikati, mpaka Port Said, mwisho wa mfereji upande wa kaskazini.