Gede, Mji wa Mawe Wenye Wenyewe

Magofu ya Gede yako kilomita zipatazo 16 kusini mwa Malindi, jirani na njia panda ya Watamu, nayo yamezingirwa na msitu mnene kiasi kwamba msafiri anaweza kupita barabara kuu ya Mombasa miaka nenda, miaka rudi bila kujua kuwa nyuma ya miti ile kuna mji mzima wa mawe. Nilishuka matatu asubuhi mapema na kuingia kwa miguu kabla makundi ya wageni hayajafika. Tangu utotoni nilikuwa nikisikia kwamba Gede ina mizimu. Sikwenda huko kuikejeli habari hiyo wala kuithibitisha. Nilitaka kuelewa ni kitu gani mahali pale kilichozaa masimulizi hayo.

Mji umejengwa juu ya mgongo wa mwamba wa matumbawe, na wapo watafiti wanaoamini kwamba jina lake la awali lilikuwa Kilimani. Ukishapita lango, joto la barabarani hukatika ghafla. Mibuyu na mikuyu imeota ndani ya vyumba, mizizi ikiteremka ukutani na kushika mawe, huku kima wakiruka kutoka ukuta hadi ukuta. Mzee wa Kigiriama aliyeniongoza alisimama kabla ya jengo la kwanza, akaniambia, "Mahali hapa pana wenyewe, mwanangu. Tembea kwa adabu, wala usiokote kitu." Nilimwitikia, "Naam, mzee," tukaendelea.

Alichosema ndicho wanachosimulia wakazi wa vijiji vya jirani: kwamba roho za wazee wa dini wa mji huu bado zinaulinda, na anayeuharibu hupatwa na laana. Wala si wao tu. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapa mwaka 1948 na kuendelea kwa miaka kumi, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kuna kitu au mtu akimtazama kutoka nyuma ya kuta, asiye adui wala rafiki, bali anayengoja jambo analolijua kuwa litatokea.

Nilianza kumwelewa tulipofika kwenye Msikiti Mkuu wa karne ya 15. Juu ya mlango mmoja umechongwa mkuki, na mihrabu imesimama wima ingawa paa limetoweka kitambo. Nje kuna birika la kutawadhia na kisima ambacho wenyeji wa mji walikichimba kwenda chini zaidi maji yalipozidi kushuka. Niliinama nikatazama ndani, nisione hata mng'ao wa maji. Kupungua kwa maji ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za mji kuhamwa, pamoja na mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini na kudhoofika kwa Malindi baada ya sultani wake kuhamia Mombasa mwishoni mwa karne ya 16. Kufikia karne ya 17 Gede ilikuwa imebaki tupu.

Kutoka msikitini tulipita katika kasri, kisha tukaingia kwenye nyumba za matajiri, ambazo zimepewa majina kutokana na vitu vilivyofukuliwa humo: Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma. Kaure za China na shanga za Venice zilipatikana katika mji huu. Lakini kilichonishika zaidi ni chumba kimoja cha nyuma kisicho na mlango wala dirisha. Mzee alinionyesha tundu lililo juu ukutani na kunieleza kwamba mwenye nyumba alipanda ngazi, akapenya hapo na kushuka ndani kuhifadhi mali yake. Niliyaweka macho yangu usawa wa chokaa ya ukuta na kuiona imelainishwa kwa uangalifu mkubwa, hata katika chumba ambacho hakuna mgeni angekiona. Karibu yake kuna choo cha shimo na mahali pa kujisafishia, kana kwamba waliokitumia wameondoka jana. Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Kitu cha kutisha Gede, kwa maoni yangu, ni jinsi maisha ya watu yalivyo karibu huku wenyewe hawapo.

Nilimuuliza mzee kama amewahi kuona chochote. Alijibu kwamba kwa macho hajaona, ila kila jioni anapotoka huaga, kwa sababu ni haki ya waliojenga.

Wareno waliishi Malindi karibu karne nzima bila kuitaja Gede katika maandishi yao, na kutokana na ukimya huo watu wengi huiita mji uliopotea. Sikubaliani nao hata kidogo. Mji haukupotea kwa jirani zake, ambao walijua ulipo na ndiyo maana waliuogopa. Mashamba yamefika hadi ukingoni mwa msitu yakaishia hapo, na siamini kwamba sheria peke yake, iliyoanza kuyalinda magofu haya mwaka 1927, ingetosha kuinusuru miti hiyo. Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na natumaini masimulizi ya mizimu hayatafutwa ili kuwapendeza wageni.

Tulipita kaburi lenye tarehe, ambalo maandishi yake yanataja mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, kisha nikaomba tufike hadi ukuta wa nje, ambako wageni wachache hujisumbua kwenda. Kati ya kuta mbili za mji ndiko walikoishi watu wa kawaida katika nyumba za udongo na makuti, nazo hazikuacha matao wala zidaka. Nilimuuliza mzee kama na hao wamo miongoni mwa wenyewe. "Wamo," akasema, "tena ndio wengi." Tulizunguka huko mpaka jua lilipokuwa kali, ndipo nikamshukuru na kurudi barabarani kutafuta matatu ya Malindi.