Ubao wa gitaa usipotulia, usigundishe kitu

Jamani leo niongelee unyevu wa hewa, maana nimeshapoteza mgongo mmoja wa gitaa la klasiki kwa ajili ya hii kitu na bado inaniuma.

Iko hivi. Mbao inavimba na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisogei kabisa. Sasa mataruma ya mgongo, vile vijiti vya ndani ambavyo wengine wanaita breisi, yanakatisha upana wa ubao, kwa hiyo ukishagundisha umefunga kitu kinachotembea kwenye kitu kisichotembea. Chukua uso wa gitaa, ule ubao wa mbele, wa mti wa sprusi wenye upana wa sentimita 36, ukitoka kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65 ukaja 45 unasinyaa karibu milimita 2. Milimita 2 nzima! Taruma halikubali, ubao unavuta, na anayepasuka ni ubao.

Mgongo wangu ulikuwa wa mti wa rozwudi, niligundisha wakati wa mvua, kipimo cha unyevu wa hewa kinasoma 47 nikasema poa twende. Hewa ilipokuja kukauka nikaanza kuona mgongo uliokuwa umebinuka vizuri umelala flati, halafu asubuhi moja nikaona mstari mwembamba kama unywele unatokea ukingoni, nikapitisha ukucha, ukanasa. Niliishiwa nguvu.

Kuja kukikagua kipimo, kumbe 47 yake ilikuwa kama 58. Kukagua ni rahisi, weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji kidogo iwe kama uji mzito lakini isiyeyuke yote, ifungie na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa, uache mpaka kesho yake. Lazima isome 75. Changu kilisoma 64. Siku hizi narudia kila nikianza gitaa jipya.

Mimi nagundisha kwenye 42 mpaka 45, sipandi hapo. Ukikosea upande wa ukavu, hewa ikija kuwa na unyevu uso utabinuka na nyuzi za kupigia zitapanda juu, inakera lakini inarekebishika, ufa ni habari nyingine kabisa. Zile taruma za feni, zilizotawanyika kama kipepeo cha mkono, chini ya uso hazinipi presha sana kwa sababu zinaelekea karibu sawa na nyuzi za mbao, macho yangu yako kwenye zile mbili za kukatisha, juu na chini ya tundu la sauti, na zote za mgongo.

Na msiamini kipimo peke yake, hata kizima, kinapima hewa tu, ubao unafuata taratibu. Mimi naupima kwa mizani ya jikoni. Mgongo nilionao sasa hivi uliingia kwenye chumba chenye mashine ya kukausha hewa ukiwa gramu 304, juzi 298, jana 297, leo 297. Kesho ukibaki hapo hapo napasha gundi.