Kiwiko cha Mtoto wa Miaka 9

Picha ya eksirei iliingia jioni, daktari mwanafunzi wa radiolojia na mimi tukiwa tunamalizia foleni ya siku. Kiwiko cha kushoto, mvulana wa miaka 9. Fomu ilikuwa na maelezo mafupi: ameanguka kutoka juu ya mti, akajikinga kwa kiganja, kiwiko kikatoka mahali pake na kurudi chenyewe kabla hajafikishwa hospitali. Mwenzangu aliikagua picha ya mbele kwa makini.

"Daktari, sioni palipovunjika. Kapitelumu ipo, kichwa cha radiasi kipo, trokilea ipo." Kapitelumu na trokilea ni sehemu mbili za ncha ya chini ya mfupa wa mkono wa juu, ya nje na ya ndani; radiasi ni mfupa wa mkono wa chini ulio upande wa kidole gumba.

"Na epikondili ya ndani iko wapi?"

Akanyamaza, akaikuza picha, akikitafuta kinundu hicho cha upande wa ndani wa kiwiko.

Mtoto anapozaliwa, ncha za mifupa ya kiwiko ni gegedu tupu, na gegedu haionekani kwenye eksirei. Viini vya mfupa hujitokeza kimoja kimoja: kapitelumu karibu na mwaka 1, kichwa cha radiasi karibu na 3, epikondili ya ndani 5, trokilea 7, olekranoni (ncha ya nyuma ya kiwiko) 9, epikondili ya nje 11. Wasichana huwatangulia wavulana kwa mwaka mmoja au miwili, na watoto hutofautiana sana, kwa hiyo miaka hiyo ni ya kukadiria tu. Cha kushikilia ni mfuatano, na zaidi ya yote sehemu yake moja: epikondili ya ndani hutangulia trokilea. Ukiona kiini mahali pa trokilea huku mahali pa epikondili ya ndani pakiwa patupu, usiandike kwamba trokilea ipo. Chukulia kwamba hiyo ni epikondili iliyong'oka na kunaswa ndani ya kiungo, mpaka uthibitishe vingine.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto huyu. Upande wa ndani wa mfupa wa mkono wa juu ulikuwa mtupu, nyama zake zimevimba, na ile iliyoitwa trokilea ilikaa chini kupita kiasi, imebanwa kati ya mfupa huo na ulna, mfupa wa pili wa mkono wa chini. Misuli inayokunja kifundo cha mkono na vidole imeshikwa kwenye epikondili ya ndani, pamoja na ligamenti ya upande huo, yaani utepe unaofunga mfupa kwa mfupa. Mtoto akiangukia kiganja na kiwiko kikasukumwa kupindia nje, vyote viwili huvuta kwa pamoja, na kinachoachia ni sahani ya ukuaji, lile tabaka la gegedu ambako mfupa hukua, kwa kuwa ni dhaifu kuliko ligamenti. Kiungo hufunguka upande wa ndani, kipande kinaingia, kisha mifupa inaporudi inakifungia humo.

Picha ya ubavu ya kwanza haikufaa: mkono ulizungushwa, mifupa ikapandana vibaya. Tuliomba irudiwe, kiwiko kikunjwe nyuzi 90, bega, kiwiko na kifundo viwe kwenye usawa mmoja, kidole gumba kikielekea juu. Kwa mtoto mwenye maumivu ni rahisi zaidi kuinua meza au kushusha kiti kuliko kuuinua mkono wake. Picha ya pili ilionyesha kipande wazi ndani ya kiungo. Mstari tunaouchora mbele ya mfupa wa mkono wa juu ulipita katikati ya kapitelumu, na ule wa katikati ya radiasi ulielekea kwenye kapitelumu hiyohiyo, kama inavyotakiwa.

Mwenzangu alisema mafuta ya nyuma ya kiwiko, ambayo damu ikijaa kiungoni huyasukuma, hayakuinuka, kwa hiyo hakuna damu ndani ya kiungo. Alisoma sawasawa, lakini hilo halitoshi kumtuliza mtu. Kiwiko kilichotoka mahali pake huchana mkoba wa kiungo, damu ikavuja nje, na mafuta yakabaki palepale.

Daktari wa mifupa alipopigiwa simu aliuliza kama tupige na kiwiko cha kulia ili kulinganisha. Sipendi kufanya hivyo kwa mazoea, maana ni mionzi ya ziada kwa mtoto ambaye mkono wake huo hauna shida. Pale ambapo mfuatano wenyewe unatoa jibu, hakuna haja. Nilimwomba tu apime hisia za kidole kidogo na nguvu ya kutanua vidole, kwa sababu neva ya ulna hupita nyuma kabisa ya epikondili ya ndani na inaweza kubanwa pamoja na kipande. Kipande kilichonaswa namna hii hakingojewi kwenye plasta. Mtoto alifanyiwa upasuaji, epikondili ikatolewa kiungoni na kufungwa kwa skrubu mahali pake.

Picha za ufuatiliaji zilizua wasiwasi mwingine. Trokilea halisi ilianza kuonekana ikiwa vipande vidogo vyenye kingo zisizo laini, na kliniki ikauliza kama mfupa umekufa kwa kukosa damu. Trokilea huanza kwa viini kadhaa ambavyo baadaye huungana, na katika umri huo mwonekano wa kumeguka-meguka ni wa kawaida kwake. Tuliandika hivyo kwenye ripoti, tukaongeza kwamba kiini cha epikondili ya nje, kikija, kitaonekana kama kipande chembamba kilichojitenga na mfupa. Nafasi hiyo nayo ni ya kawaida, hata ikionekana pana, na isihesabiwe kuwa mvunjiko mpya.