Mkono wa Baba

Mlinzi wa depo aliinua mkono wa kulia, akakunja ngumi, akaishikilia juu ya kichwa chake.

"Vile," alisema. "Ule wa mbele alikuwa anafanya vile, na bengine bote banasimama. Balikuya mumoja nyuma ya mwingine, kimya, sawa basoda."

Kisha akaifungua ngumi, akateremsha kiganja polepole kuelekea sakafuni: chuchumaeni.

Watu wote mle ofisini kwa shefu wa kartye, mkuu wa mtaa wetu, walikuwa wanamtazama mlinzi. Mimi nilimtazama baba. Ishara zile nilizijua. Kwa wiki tatu nilikuwa naziona kila alfajiri uani kwetu, Katuba, nikiwasha mbabula, jiko la makaa, ya chai, na aliyekuwa akizifundisha alikuwa amekaa pembeni yangu, kofia magotini.

Ilikuwa Julai 2021, katikati ya kipupwe, wakati Lubumbashi inaamka kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 na vumbi jekundu limeshalala juu ya kila jani. Mdogo wangu alikuwa na miaka 16. Shule alikuwa ameiacha. Ile elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ilikuwa ya shule ya msingi, na yeye alikuwa sekondari. Karo ilipokosekana mara ya tatu alirudishwa nyumbani, akakaa, na huko kukaa ndiko kulikomharibu. Kwanza zilikuwa simu za watu sokoni. Halafu ngumi. Halafu siku moja mama alikuta panga chini ya godoro, akaketi kitandani na lile panga mikononi mpaka jioni.

Mama alikuwa na sababu ya kuogopa. Hakusahau habari za Kinshasa za mwishoni mwa 2013, ile operesheni ya polisi iliyoitwa Likofi, vijana walioitwa kuluna, wa magenge ya mapanga, wakitolewa majumbani usiku na kupigwa risasi. Watu wa shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walihesabu vijana wasiopungua 51 waliouawa. Mama hakujua hesabu hiyo, alijua tu kwamba mtoto wa mtu anaweza kutolewa ndani akiwa hajavaa viatu.

Baba naye alisikia habari nyingine. Kuanzia 2020 serikali ilikuwa inawachukua kuluna wa Kinshasa na kuwapeleka Kaniama-Kasese, kwenye kambi ya Service National, idara iliyoundwa mwaka 1997 chini ya Mzee Laurent-Désiré Kabila. Kaniama si mbali na mioyo yetu sisi watu wa Katanga ya zamani: ni huko mkoa wa Haut-Lomami, kwenye reli ile inayotoka kwetu kupita Kamina. Kwenye televisheni tuliwaona vijana waliokuwa wakikata watu mapanga sasa wameshika majembe, wanalima mahindi, wanaranda mbao za madawati, wamesimama kwenye mistari iliyonyooka. Baba alikuwa ajida mstaafu wa jeshi. Kambi ya Kamina aliijua kama chumba chake. Hapo ndipo alipofundisha makuruti miaka mingi. Aliangalia ile mistari mpaka habari zikaisha.

"Kama wao wanaweza kwa mamia," alisema, "mimi nitashindwa na mmoja?"

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri filimbi ililia uani. Amri zake zote zilikuwa za Kifaransa, kama alivyofundishwa: Garde-à-vous! Repos! Mdogo wangu alisimama na kaptula, midomo imepauka kwa baridi. Walikimbia hadi uwanja wa mpira na kurudi. Siku ya pili alianguka mlangoni, akatapika, na baba akamwambia ainuke. Aliinuka. Mimi nilisimama na birika mkononi, sikusema neno. Nimekuja kulijutia hilo baada ya kusoma habari za mtoto mmoja wa Marekani, Martin Lee Anderson, miaka 14, aliyepelekwa kwenye kambi ya kuwanyoosha vijana kwa kwata huko Florida mnamo Januari 2006. Siku yake ya kwanza alishindwa kuendelea kukimbia. Walinzi walimpiga, wakamshikia amonia puani, kamera ikiwa inarekodi, na siku iliyofuata alikufa. Jimbo lile lilizifunga kambi zake mwaka huohuo. Kambi za kwanza za namna hiyo zilikuwa zimefunguliwa Georgia na Oklahoma mwaka 1983, na watafiti waliokusanya matokeo ya nyingi kati ya hizo walikuta kwamba waliopitia kwata walirudia makosa karibu sawa na wasiopitia. Mtoto akianguka, anayemwambia ainuke anaweza kuwa anampenda kabisa. Baba yangu alikuwa anampenda.

Na tuseme ukweli, kwata ilionekana kufaa. Wiki ya pili mdogo wangu alikuwa anatandika kitanda, anaitika "Ndiyo, Baba", anatembea kifua mbele. Majirani walimsimamisha baba njiani: Mzee Ajida, na wangu nikuletee? Akaletewa wawili, halafu wakawa wanne. Aliwafundisha kutembea usiku bila kelele, kusoma ishara za mkono, kumfuata wa mbele bila kuuliza. Aliyewekwa mbele ni mdogo wangu. Sijawahi kumwona baba ametulia kama siku zile. Alikuwa amerudi kazini.

Wiki ya tatu, wale wanne waliingia kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja, wakatoka na marobota ya nyaya za shaba. Mjini kwetu shaba haikosi mnunuzi. Mlinzi aliwaona wakiwa wameshavuka ukuta, akamtambua mmoja, na asubuhi wote walikuwa wamekamatwa.

Ofisini mmoja wa wazee alisema vijana hawa wapelekwe Kaniama, dawa yao iko huko. Wengine wakaitikia. Nilitegemea baba ataitikia kwanza kuliko wote. Alisimama, akavaa kofia, akaivua tena.

"Ishara hizo ni zangu," alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha. Mkimpeleka huko atarudi anajua kutembea vizuri zaidi. Leo tayari anatembea vizuri."

Hakuna aliyejibu. Shefu wa kartye ndiye aliyevunja kimya, na ninamshukuru mpaka leo kwamba alikuwa mtu anayesoma. Alisema sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kama ni kushtaki, kesi ni ya mahakama ya watoto, si ya kikao chetu. Na kama ni kupatana, sheria hiyohiyo inaruhusu usuluhishi. Mwenye depo hakutaka mahakama, alitaka pesa yake. Nyaya nyingine zilikuwa zimeshauzwa. Wazazi waligawana deni, fungu letu likawa dola 90.

Usiku ule nilikaa na mdogo wangu jikoni. Nilitaka kumpiga. Nikamuuliza tu: wiki tatu zote zile, kwa nini?

"Yaya," alisema, maana kwetu ndivyo mkubwa wako anavyoitwa, "saa moja asubuhi kwata inaisha. Halafu siku nzima ninakaa. Baba ananiambia simama, kimbia, lala chini, na ninafanya. Lakini kuanzia saa moja hakuna anayeniambia kitu mpaka kesho." Alinyamaza kidogo. "Na ilikuwa mara ya kwanza watu kunifuata mimi."

Sijapata jibu la maneno hayo ya mwisho. Mimi ni mwalimu. Nina watoto hamsini na kitu mbele yangu kila siku, na tangu usiku ule nikiona mmoja amenyooka kama mshale, ananyamaza ninapotaka, siku hizi ninamuuliza ukimya ule unampeleka wapi. Wale vijana wa Kaniama ninawatakia mema. Kama kuna kitakachowaokoa, ninaamini ni yale madawati na yale mahindi, kitu ambacho mtu anakimaliza kwa mkono wake na kuona kimesimama, kisha kinamlisha. Mstari ulionyooka unakaa vizuri kwenye televisheni, lakini siku ya kurudi nyumbani kila kijana anarudi peke yake.

Asubuhi filimbi haikulia. Baba alimchukua mdogo wangu kwa miguu hadi nje ya mji, upande wa barabara ya Kipushi, kwa rafiki yake mfyatua matofali. Kule matofali hutengenezwa kwa udongo wa vichuguu, vile vichuguu vyetu vikubwa vinavyozidi urefu wa nyumba. Udongo wake unashikana vizuri. Unachimba, unamwaga maji, unakanyaga, unajaza kalibu ya mbao, unaigeuza, unaanza tena. Malipo ni kwa hesabu ya matofali. Wiki ya kwanza mdogo wangu alivunja mengi kuliko aliyotoa. Baba alibaki naye. Alivua shati lake la kaki, akakanyaga udongo pamoja naye, mzee wa miaka 67, na hakutoa amri hata moja, kwa sababu kazi ile hakuijua. Walifundishwa wote wawili na mtu aliyekuwa kijana kuliko baba.

Deni liliisha mwishoni mwa Septemba, kabla mvua hazijaanza. Sisemi mdogo wangu aligeuka malaika. Mwaka uliofuata alipigana tena, tena vibaya, na kuna kipindi alipotea siku nne bila habari. Lakini kila kipupwe anarudi kwenye udongo, na sasa ana kalibu zake mwenyewe.

Kuna usiku mmoja wa Septemba ile nilikwenda kuwapelekea bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Tanuru lilikuwa limewashwa, na tanuru haliachwi. Moto ukilegea, matofali ya katikati yanabaki mabichi. Walikuwa wamepeana zamu. Baba alikuwa amelala juu ya gunia, kofia usoni, na mdogo wangu alikuwa amekaa mbele ya mdomo wa tanuru, akihesabu magogo yaliyobaki. Nikalala pembeni ya baba kwa sababu kurudi mjini saa zile kulikuwa hatari. Saa tisa ya usiku niliamshwa na sauti ya chini. Mdogo wangu alikuwa amepiga goti, ameweka mkono begani mwa baba.

"Baba, amka unisaidie. Moto unalala."

Na baba akainuka.