Kijana wa Goma na mikeka ya Kondele

Kisumu, Alhamisi, 15 Mei 2025

Yamekwisha kwenye NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Minnesota 121, Golden State ya San Francisco 110, mfululizo wa mtoano umeishia 4–1, na Jonathan Kuminga ameaga msimu kwa pointi 26. Mechi ilianza saa kumi na nusu alfajiri kwa saa zetu. Kufikia saa mbili, hata chai sijainywa, simu ilikuwa imejaa ubishi ule ule tunaosukumana nao tangu Desemba: huyu kijana ni mchezaji kweli, au ni kiberiti kilicholowa, leo kinawaka, kesho hata moshi hakitoi?

Naandika leo kabla hasira hazijapoa. Wiki ijayo watu watakuwa wameshahamia kwa mwingine.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza kwa nini mchezaji wa San Francisco anatunyima usingizi sisi wa mtaa wa Kondele. Kuminga alizaliwa Goma, mashariki mwa Kongo, Oktoba 2002. Goma ni mji wa ziwani kama wetu, na sokoni kwao watu wanapatana bei kwa Kiswahili. Kwa hiyo hatumhesabu kuwa Mmarekani. Akifunga ni "kijana wetu". Akikosa, ghafla ni "huyo Mkongo".

Makao makuu ya ubishi ni kwa kinyozi. Jana jioni nilimkuta mwenye duka ameshika mashine hewani, mteja amenyolewa upande mmoja tu, shuka shingoni, anasubiri kwa adabu hoja iishe.

"Omera, mtoto ana miaka ishirini na miwili! Giannis alipoingia ligi alikuwa anafunga ngapi?"

"Achana na Giannis," akajibu jamaa wa boda aliyeingia kukwepa mvua. "Huyu wako yuko mwaka wa nne ligini. Mtoto wa darasa la nne bado unambeba mgongoni?"

Yule mteja wa nusu kichwa akasema Giannis alikuwa anafunga kama pointi saba hivi. Hakukosea: ni 6.8 msimu wake wa kwanza.

Mfano wa Giannis Antetokounmpo, ambaye leo ni mmoja wa nyota wakubwa wa ligi, unanichosha, lakini una nguvu ambayo kinyozi mwenyewe haitumii. Timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2013, Giannis alichaguliwa wa 15 akaenda Milwaukee, timu iliyoshinda mechi 15 na kupoteza 67 msimu huo. Nani angemfokea kwa kupoteza mpira? Alikuwa na ruhusa ya kukosea mpaka achoke. Kuminga alichaguliwa wa saba mwaka 2021, akatua Golden State katikati ya wakongwe Stephen Curry, Klay Thompson na Draymond Green, na Juni 2022 akawa bingwa akiwa na miaka 19. Kombe alilipata kabla hajapata dakika za kutosha uwanjani. Pale ukisinzia mara moja kwenye ulinzi unarudi benchi, kwa sababu miaka ya Curry haisubiri mtu. Golden State walitaka kushinda leo na wakongwe na papo hapo kulea vijana wa kesho. James Wiseman, waliyemchukua wa pili mwaka 2020, walishamwachia Februari 2023. Kuminga alibaki, akawa ndiye wa kubishaniwa.

Tuutazame msimu huu wa 2024–25. Tarehe 27 Desemba alifunga 34 dhidi ya Clippers, kesho yake akafunga 34 tena dhidi ya Phoenix. Kinyozi siku hizo alikuwa hashikiki. Januari 4 akaumia kifundo cha mguu, akakaa nje zaidi ya miezi miwili. Mwishoni mwa mwezi huo huo Goma ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Sisemi hilo ndilo lililomkosesha mitupo baadaye, mimi si wa kusoma moyo wa mtu kupitia skrini. Nasema tu kwamba pale kwa kinyozi hakuna aliyelitaja.

Aliporudi Machi alikuta mkongwe mwingine, Jimmy Butler, amekuja, na nyumba imepangwa upya. Hapa ndipo watu wa pointi hawataki kusikiliza. Butler hatishi kwa mitupo ya mbali, Draymond hatishi, na Kuminga msimu huu amepachika kama tatu katika kila mitupo kumi ya pointi tatu. Ukiwaweka watatu hao pamoja, walinzi wanawaachia nje na kujazana chini ya kikapu. Kuminga chakula chake kiko pale pale chini: kupasua, kuruka, kumalizia kwa nguvu. Njia imezibwa na wenzake mwenyewe. Kocha Steve Kerr akachagua. Aprili 13 dhidi ya Clippers, mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, Kuminga hakuingia hata dakika moja. Siku mbili baadaye dhidi ya Memphis, hakuingia. Mechi ya kwanza ya mtoano na Houston, hakuingia.

Kisha Mei 6, kwenye mechi ya kwanza na Minnesota, Curry akaumia msuli wa paja, akatoka. Jumapili alfajiri Kuminga akafunga 30, mitupo 11 kati ya 18. Mechi iliyofuata 23. Leo 26.

Naomba mtu anieleze alijifunza nini kati ya Aprili 15 na Mei 11 ambacho hakuwa nacho Desemba. Mimi naona hakuna. Kilichobadilika ni kwamba timu ilikosa mtu wa kufunga, ikamkumbuka. Mchezaji unayemfungia mlango halafu unamwambia aingie mbio, ukishasema "hatabiriki" uwe unajua nani alishika ufunguo.

Jamaa wa boda hakubali, na najua kwa nini. Machi alichana mkeka wa kubeti kwa ajili ya Kuminga. Alikuwa amemwekea apite pointi kadhaa, kijana akacheza kidogo, akatolewa, hela zikaenda. Tangu hapo kila akisikia jina hilo uso unamkunjamana. Ubishi wetu wa siku hizi umejaa watu wa namna hiyo. Wanaposema wanataka mchezaji "asiyebadilika" wanataka nambari isiyobadilika, tena ijulikane kabla ya saa nne usiku wakati wanaweka. Kukua kwa kijana hakuwahusu. Zamani tulibishana kuhusu pasi, sasa tunabishana kuhusu nusu pointi.

Hata hivyo, simtetei mpaka mwisho. Kwa mwili ule na miruko ile, Kuminga hajafikisha wastani wa ribaundi tano kwa mechi, yaani kudaka mpira uliokosa kikapu, katika msimu wowote wa minne hii ya mwanzo. Ribaundi haihitaji mchoro wa kocha wala ruhusa ya Curry. Kinyozi nilipomwambia hivyo akawasha mashine kwa sauti kubwa, akamgeukia mteja wake.

Jibu la hiyo ribaundi nadhani nimeliona karibu zaidi na hapa, kwenye uwanja wa saruji ninaopitia nikitoka kazini. Ringi moja imeinama mbele na nyavu ilishaisha zamani, na mpira umechakaa hadi unateleza kama sabuni. Kuna kijana wa kidato cha tatu anachezea pale, mrefu, mikono mirefu zaidi, ambaye kila mtu mtaani anasema atafika mbali, na kila mtu huyo huyo anamzomea. Kila akikosa mtupo, kabla ya kutazama mpira umedundia wapi, anageuza shingo kumtazama kocha. Ni kufumba na kufumbua tu. Lakini mpira uliodunda kwenye ringi haungoji, na akirudisha macho ameshaupata mwingine. Kisha kocha anamtoa kwa kukosa ribaundi.

Mashindano ya shule ya mpira wa kikapu ni ya muhula wa kwanza, na muhula wa kwanza ulishapita. Sasa hivi wanacheza mazoezi tu. Nilimsalimia kocha, nikamuuliza, "Mwalimu, ukimwachia akosee mara tano mfululizo utapoteza nini?" Akacheka, akasema nidhamu haina likizo. Ni mtu mwema, anawanunulia maji kwa hela yake, sikutaka kushindana naye. Ila baada ya dakika chache alimtoa tena.

Sijui kama Kuminga naye huwa anatazama benchi namna hiyo. Kamera hufuata mpira. Lakini mtu aliyekaa miaka minne akijua kosa moja linamkalisha, shingo yake lazima imeshazoea upande fulani.

Mkataba wake wa kwanza unaisha sasa, mwaka 2025. Timu nyingine zinaweza kumpa ofa, na Golden State wana haki ya kuilinganisha na kumbakiza. Mimi ningekuwa wao ningemwachia. Aende timu mbovu, hata ya kushinda mechi 20, ambako ataanza kila usiku na hakuna wa kumwita benchi akikosa. Baada ya misimu miwili ya hivyo, kama ribaundi bado hazijafika tano, jamaa wa boda nitamnunulia samaki mzima pale ufuoni na ugali wake.

Nimemwandikia kinyozi hivyo mchana. Amejibu kwamba mambo ya Kuminga tuyaache kidogo, kwani Jumamosi mechi za kundi la Nile za BAL, ligi ya vilabu vya kikapu vya Afrika, zinaanza Kigali, na Nairobi City Thunder ndiyo klabu ya kwanza ya Kenya kufika kwenye ligi hiyo. Anauliza nani analipia data.